Mikono Ilikuwa ya Dada

Mama yetu mzazi, wajomba na shangazi, majirani, na ninyi nyote mliokuja leo mkiwa na kazi ya marehemu chini ya mashati yenu: poleni, na asanteni kwa kuja. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake wa kike, waliyezaliwa naye tumbo moja, na ndiye anayewasomea. Wasifu wa kwanza uliopelekwa kwa mpiga chapa siku ya Alhamisi ulikuwa na sentensi tisa, na kuhusu kazi ya marehemu ulisema hivi tu: "Alimsaidia mume wake katika shughuli za tatuu." Mdogo wake aliufuata, akauondoa, akapeleka huu. Mpiga chapa aliuliza, "Dada, mbona huu umekuwa mrefu hivi?" Akaambiwa apunguze maua ya pembeni, maneno ayaache. Hayo mliyonayo mkononi, ukurasa wa tatu hadi wa tano, hayakuombewa ruhusa kwa mtu yeyote.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, saa moja asubuhi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba, ambaye alitangulia mwaka 2009, alikuwa dereva wa lori. Mama alikuwa mshonaji, na bado anashona. Jina alilopewa na wazazi wengi wenu hamlijui. Mlimjua kwa jina la Penseli, kwa sababu tangu akiwa na miaka minne penseli haikukosa sikioni mwake, na Mama alipomchana nywele ilibidi kwanza aitoe. Alichora nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya viatu, kwenye karatasi za Mama za kukatia vitambaa. Siku moja alimchora Baba amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Baba alipoamka akaitazama ile picha kwa muda, akasema, "Huyu anakoroma mpaka kwenye karatasi," akaibandika ndani ya mlango wa lori lake. Alizunguka nayo miaka yote hadi lori lilipouzwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1993 na kumaliza mwaka 1999. Mwaka 1997 mlango wa darasa ulimbana kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kilipona, lakini kilipona kimepinda, na tangu hapo hakikukubali kulala na wenzake. Alifundishwa kuandika upya, akagundua kuwa kile kidole kilichosimama kinamfaa kuegemeza mkono usitetemeke. Sekondari alisoma kuanzia 2000 hadi 2003. Mwalimu wa hesabu alimkuta akichora uso wake yeye mwalimu badala ya pembetatu, akamsimamisha mbele ya darasa kipindi kizima. Kengele ilipolia alimwomba ile karatasi, ampelekee mkewe. Hesabu alipata alama za kutia huruma, na hakuwahi kuzionea haya.

Mwaka 2004 aliajiriwa katika studio ya picha, kwenye chumba cha nyuma, kazi yake ikiwa kusafisha picha za pasipoti. Alikaa huko miaka kumi na mitatu. Kutwa nzima alikuwa akitazama sura za watu zimejaa kwenye kompyuta, akiondoa chunusi na kung'arisha macho, na alizoea kusema kuwa mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo lakini nyama ya chini ya jicho haina adabu, itasema tu. Nyumbani tulimwogopa kwa hilo. Ukivunja kikombe, ulikuwa unajitahidi kutazama pembeni mpaka akuulize.

Kazi ya tatuu ilimjia kupitia fundi mwashi mmoja aliyekuja studio mwaka 2014 na picha ya mwanawe aliyefariki akiwa na miaka sita. Alitaka isafishwe ili aipeleke kwa mchora tatuu. Baada ya mwezi alirudi, akafungua shati. Kilichokuwa kifuani hakikuwa mtoto; kilikuwa kikaragosi, macho yametoka, meno kama kibao cha kinanda. Mwashi alifunga vifungo vyake. Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akakataa kula. Alimwambia mdogo wake, "Yule mtu amezikiwa mtoto mara mbili."

Basi akaanza kujifunza. Shule yake ilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka na video za mzee mmoja wa mbali, mwenye kipara na ndevu nyeupe, aliyekuwa akiongea lugha ambayo Penseli hakuijua hata salamu yake. Kwa hiyo alizima sauti. Miaka miwili alijifunza kwa kutazama mikono tu: jinsi vidole vitatu vinavyovuta ngozi ikakaza kama shuka kwenye godoro jipya, jinsi sindano inavyoingia kwa kulala na kutoka kwa kuinuka, jinsi mkono unavyozunguka bila kukandamiza. Alikuwa akitazama sekunde kumi, akasimamisha, akajaribu, akarudisha nyuma. Alichora kwenye malimau, kwenye maganda ya ndizi, kwenye vipande vya ngozi bandia, kisha kwenye paja lake mwenyewe, ambalo hadi anafariki lilikuwa na macho kumi na saba yasiyo na mwenyewe.

Ngozi ya kwanza ya mtu mwingine ilikuwa ya mdogo wake. Ilikuwa Jumapili moja ya Agosti 2016, na picha ilikuwa ya Mama, kwenye shavu la mguu wa kushoto. Kazi ilichukua saa sita na ilikuwa mbaya kuliko mnavyoweza kufikiri. Alizungushia kila kunyanzi mstari, kwa hiyo Mama akatoka kama ramani ya mito. Tena, katika haraka ya mtu anayeanza, alinakili picha bila kuigeuza, na karatasi ya kuhamishia mchoro ikamgeuzia, kidoti cha Mama kikahama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Mama aliinama, akavaa miwani, akasema, "Mguu mzuri. Huyu bibi ni nani?"

Pale ndipo alipoelewa jambo ambalo mzee wa kipara alikuwa akimwonyesha siku zote. Uso hauna mistari. Una mahali penye mwanga na mahali ambapo mwanga umepungua, basi. Alianza kuchanganya wino na maji katika vikombe vitatu, kutoka mweusi hadi rangi ya chai iliyopoa, akijenga sura polepole, tabaka juu ya tabaka. Mahali pa mwanga hakuweka wino mweupe, kwa kuwa mweupe hugeuka manjano baada ya miaka. Aliiacha ngozi yenyewe ing'ae. Kanuni yake ilikuwa hii: "Usizamishe. Ukizamisha, wino unasambaa chini na kidonda kinaacha kovu. Ukiona damu nyingi, jua umepita mlango." Mwaka 2017 aliacha studio, akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake. Kiti kilikuwa cha kinyozi, meza ilikuwa cherehani ya zamani ya Mama iliyotolewa kichwa. Mwashi alikuwa mteja wake wa tatu. Alifunika lile kosa la kwanza kwa nywele za mtoto na kivuli cha kofia, akamrudishia mtu mwanawe. Mwashi yupo hapa leo, na akitaka kuwaonyesha ni hiari yake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2012, na Mungu aliwajalia binti mmoja mwaka 2014. Shemeji yetu, ambaye amekaa hapo mbele, alikuwa akiuza vifaa vya simu: makava, chaja, taa za kupigia picha. Haki yake apewe. Ni mcheshi, ana maneno, na siku ya kumtolea barua dada yetu alimfanya hata Mjomba acheke, jambo ambalo wengi wetu hatujalishuhudia tena. Ndiye aliyemletea marehemu taa yake nzuri ya kwanza. Na ndiye aliyemwambia, mwaka 2018, "Mke wangu, acha nikurekodi ukifanya kazi, uwe unajionea makosa yako." Marehemu alikubali kwa sharti moja, kwamba uso wake usionekane, maana alikuwa mtu wa haya. Kwa hiyo shemeji alirekodi mikono. Kila jioni waliitazama pamoja, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, naye alijikosoa bila huruma.

Kilichoendelea baada ya hapo wengine wenu mnakijua, maana mlikuwa wafuasi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, saa kumi jioni. Marehemu alikuwa amepata kazi ya kuchora uso wa bibi wa miaka tisini, akataka kuona jinsi wengine wanavyoshughulikia ngozi ya uzee. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatafuta video, sauti imezimwa kama ilivyokuwa desturi yake. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa akipanga miadi ya wateja na kupenda sana kuitwa meneja, alikuwa akifuta vikombe vya wino.

"Njoo uone huyu," marehemu alisema. "Huyu fundi anajua. Tazama anavyovuta ngozi."

Alitazama tena kidogo. "Kumbe na yeye kidole chake kimepinda."

Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia kando ya kioo cha simu. Akasema, taratibu kabisa, "Weka sauti."

Mdogo wake akaweka. Ikatoka sauti ya shemeji, ile ile ya kuchangamsha harusi: "Hapa, wanafunzi wangu, mnaona mwalimu wenu ninavyofanya. Naizamisha sindano vizuri, naikandamiza, ili wino ushike." Na pale kwenye kioo, mikono ya Dada ilikuwa ikifanya kinyume chake, ikiinua, ikipapasa tu juu juu. Zilikuwepo video arobaini na moja kwenye ukurasa wake. Watu walimwita Mwalimu. Walimwombea maisha marefu.

Marehemu hakupiga kelele. Aliinua macho kutoka kwenye simu, akamtazama mdogo wake usoni kama alivyozitazama picha za pasipoti kwa miaka kumi na mitatu.

"Hukushtuka," alisema.

Mdogo wake akaweka kikombe cha wino mezani.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa," marehemu alisema. "Ulipoumwa mgongo. Nilikuwa nakufulia."

Ni kweli. Mdogo wake alijua kwa miezi mitano. Shemeji alikuwa amemwomba, akasema, "Wewe unataka kuvunja nyumba ya dada yako kwa video?" Naye akajipa moyo kwamba anailinda ndoa. Ukweli wenyewe ni kwamba alipenda amani, alipenda na umeneja wake, na kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema. Hilo limeandikwa hapa kwa mkono wake mwenyewe.

Shemeji aliporudi hakukana. Alisema, "Si wewe uliyekataa uso wako uonekane? Nimekuficha kama ulivyotaka." Na baadaye, alipoona halijaingia, akasema, "Mikono haina jina, mke wangu." Marehemu alimwomba mambo mawili tu. Aseme hadharani kwamba ile ni mikono ya mkewe. Na asahihishe somo la kina cha sindano, kwa sababu watu wataumia. Shemeji akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Mwezi wa nne akaja binti mmoja, mgeni kabisa, mkono umejaa makovu yaliyoinuka kama mshono mbaya. Alikuwa amejifunza mwenyewe, nyumbani, kwa masomo ya Mwalimu, na alikuja kumtafuta Mwalimu amsaidie. Marehemu alimuuguza ule mkono miezi mitatu, na hakumwambia aliyemdanganya ni nani. Mdogo wake alimuuliza kwa nini. Alisema, "Nitamwambiaje? Mikono aliyoifuata ni yangu."

Kikao cha familia kilikaa Jumapili tarehe 21 Mei 2023, sebuleni kwa Mama. Mjomba alisema mambo ya ndani hayatolewi nje, funika kombe mwanaharamu apite. Mama alisema mume ni mume, na huyu angalau hanywi. Kaka yetu alilia, kama kawaida yake. Mdogo wake alikuwa jikoni akiosha glasi ambazo zilikuwa safi. Marehemu aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo mdogo wake aliyasikia kutoka kule kwenye sinki: "Sidai talaka. Nadai mikono yangu." Mjomba akaomba kikao kifungwe kwa sala.

Juni mwaka huo huo miguu ilianza kumvimba. Vipimo vilionyesha kuwa figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ugonjwa haukumwondolea ujeuri. Muuguzi aliyekuwa akimchoma sindano siku za kwanza alitetemeka, akakosa mshipa mara mbili. Marehemu akamshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kuvuta ngozi kwa vidole vitatu na kuilaza sindano. Muuguzi akamwuliza, "Dada, wewe ni mgonjwa au mkaguzi?" Baada ya wiki mbili wauguzi wengine walikuwa wakija kutazama. Wao ndio wanafunzi pekee waliowahi kumwona mwalimu wao usoni.

Shemeji alimpeleka hospitali kila mara bila kukosa, akambebea mkoba, akamlisha, na usiku alipokuwa hoi alikesha naye. Hayo yote ni kweli na mdogo wake hawezi kuyapunguza. Ila ni kweli pia kwamba kwenye korido ya hospitali vijana walikuwa wakisimama kumsalimia, "Shikamoo, Mwalimu," naye aliitikia, mkewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu mbele yake. Kuanzia Machi 2024 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, akaweka mashine chini. Shemeji alikuwa na video za akiba. Mwezi wa sita alizirusha, akaandika kwamba Mwalimu amerudi akiwa na nguvu mpya. Somo la kina cha sindano halijasahihishwa hadi asubuhi ya leo. Mdogo wake aliangalia kabla ya kutoka nyumbani.

Mwaka huu hali ilibadilika. Tarehe 2 Oktoba alilazwa, na moyo ukaanza kuelemewa. Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mama alikuwa amemshika mkono wa kulia. Shemeji alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa. Muuguzi wake, yule aliyetetemeka, ndiye aliyemfumba macho.

Ameacha mama mzazi, kaka mmoja, mdogo mmoja wa kike, mume, na binti wa miaka kumi na moja. Daftari lake lina orodha ya nyuso mia mbili na sita alizozichora, kila moja na tarehe yake na sehemu ya mwili ilipo. Zipo baba na mama zenu, watoto wenu, na mbwa mmoja. Hizo nazo zimeachwa, na mtazeeka nazo. Ukiulizwa ni kazi ya nani, sasa umeambiwa.

Limebaki jambo moja. Jumapili tarehe 19 Oktoba, wodini, baada ya saa ya kuona wagonjwa, mdogo wake alimwomba marehemu msamaha. Alikuwa amechelewa miaka miwili na miezi minane kuomba. Marehemu alikuwa ameelekea ukutani. Alisema, "Yule nilikutana naye ukubwani. Wewe tumelala godoro moja."

Mdogo wake akauliza afanye nini.

"Kaka atalia, hawezi kusoma," marehemu alisema. "Utasoma wewe. Soma yote, naye akiwa amekaa mbele. Na wewe usijiruke. Ukimaliza, nitakusamehe."

"Utanisameheje, Dada, na utakuwa umeshaondoka?"

Marehemu akageuka, akamtazama usoni, akamsoma mpaka akatosheka. "Hilo utakaa nalo wewe," alisema, akafumba macho.

Mdogo wake amesoma yote. Hakujiruka. Sasa anausikilizia ule msamaha, na kilichopo ni ninyi mnaokohoa, na Mama, na udongo unaosubiri. Dada yetu apumzike kwa amani ambayo sisi wa nyumbani kwake hatukumpa.